Nani Kasema, na Amejuaje? Kuwasaidia Vijana Kupima Habari za Afya

Familia inapohama, mambo ya nyumbani hugeuka. Baba aliyejua kila njia ya kijiji chake anakuwa mtu wa kuuliza njia. Mama aliyejua kila mti wa dawa anafika mahali ambapo miti ile haioti. Na mtoto wa miaka 14, ambaye juzi alikuwa wa kutumwa maji, anakuwa mkalimani wa nyumba nzima. Yeye ndiye anayeshika upesi lugha ya mtaa, ndiye anayesoma Kifaransa kilichoandikwa kwenye karatasi ya dawa, na mara nyingi ndiye anayejua kutumia simu kuliko wote.

Hapa Kolwezi tunaona jambo hili kila siku. Mji wetu wa shaba na kobalti umekuwa makao makuu ya jimbo la Lualaba tangu mwaka 2015, na watu wanaingia kutoka pande zote. Wako waliokimbia mapigano ya Kasai ya mwaka 2016 na 2017, yaliyowatoa makwao watu zaidi ya milioni moja. Wako waliotoka Haut-Lomami na Tanganyika. Na wako ambao hawakutoka mbali hata kidogo: nyumba zao zilikuwa juu ya madini, wakahamishwa kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine. Katika mitaa iliyo upande wa mashimo ya Mashamba utaingia nyumba ambamo wazazi wanasema Tshiluba na watoto wanajibu kwa Kiswahili. Mtu akiugua, anayekwenda kuzungumza na muuguzi ni mtoto. Anayerudi na maelezo ni mtoto pia.

Kwa hiyo tukisema "tuwafundishe vijana kupima habari za afya", hatuzungumzii somo la ziada la shuleni. Tunazungumzia mtu ambaye tayari anabeba kazi hiyo, bila kufundishwa. Somo hili ni kwa viongozi wa vikundi, wazazi, walimu na wachungaji wanaokaa na vijana wa miaka 12 hadi 18. Lichukueni sehemu sehemu. Jioni moja haitoshi.

Kwa nini jambo hili linahusu amani

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa huko Kivu ya Kaskazini. Hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imewapata watu 3,470 na kuua 2,287 kati yao. Safari hiyo chanjo ilikuwapo, na baadaye dawa pia zilikuwapo. Lakini Septemba 2018, watafiti walipowauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo, mmoja kati ya wanne alisema Ebola si ugonjwa wa kweli. Waliokuwa na imani na viongozi wa mahali pao hawakufika theluthi moja. Na wale wasioamini ndio waliokuwa wagumu zaidi kukubali chanjo. Tarehe 19 Aprili 2019 watu wenye silaha waliingia katika hospitali ya chuo kikuu huko Butembo na kumuua Dokta Richard Mouzoko, daktari kutoka Kameruni aliyekuwa akitumikia Shirika la Afya Duniani.

Wengine husimulia habari hizi kana kwamba watu wa Butembo walikuwa wajinga. Mimi sikubali. Walikuwa wameona mauaji katika eneo la Beni tangu mwaka 2014 bila msaada wa kutosha, kisha ghafla wakaona magari mengi na fedha nyingi kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Desemba 2018 uchaguzi uliahirishwa katika Beni na Butembo, na Ebola ikawa moja ya sababu zilizotajwa, huku mahali pengine nchini watu wakipiga kura. Mtu aliyeona hayo yote akishuku, ana sababu. Hatari huanza pale anaposhuku bila kuwa na njia ya kuuliza, kwa sababu shaka ya namna hiyo humezwa na yule anayepiga kelele zaidi.

Wakati Ebola ikizungumzwa duniani kote, surua ilikuwa inapita nchini mwetu kimyakimya. Ilipotangazwa kwisha Agosti 2020, ilikuwa imeua watoto zaidi ya 7,000. Waulizeni vijana: kwa nini tulisikia sana habari za ugonjwa ule na kidogo sana habari za huu? Mjadala wake ni mzuri, na unawaonyesha kwamba kusikia jambo mara nyingi hakulifanyi kuwa kubwa zaidi, wala kutolisikia hakulifanyi kuwa dogo.

Maswali manne ya kubeba kichwani

Tunawafundisha vijana maswali manne tu. Yakiwa mengi zaidi hayatakumbukwa.

Nani kasema? Amejuaje? Alisema lini? Na je, anapata nini tukimwamini?

Swali la kwanza linaonekana rahisi, kumbe sivyo. "Munganga amesema" ni jibu tunalolipata karibu kila wiki. Lakini kwa Kiswahili cha huku kwetu, munganga anaweza kuwa daktari, anaweza kuwa muuguzi, na wengine huliita hivyo hata kijana anayeuza vidonge kwenye meza ya barabarani. Msomaji wa Tanzania akisikia "mganga" atafikiri mtu wa mitishamba. Basi kijana azoee kuuliza: munganga gani? Yuko wapi? Alimwona mgonjwa mwenyewe, au alisimuliwa? Halikadhalika "wamesema kwenye redio": redio gani, kipindi gani, nani alikuwa anazungumza? Redio inaweza kumwalika daktari asubuhi na kulipwa kutangaza dawa ya "magonjwa 40" mchana, kwa sauti ya mtangazaji yuleyule.

Swali la pili ndilo moyo wa somo, na tutalirudia chini. La tatu watu hulisahau. La nne vijana hulipenda sana, wakati mwingine kupita kiasi: wanaanza kumshuku kila mtu anayepokea mshahara. Waambieni kwamba kupata faida hakumfanyi mtu mwongo. Kunatufanya tutafute mtu wa pili asiye na faida ileile.

Fuata maji hadi kwenye chemchemi

Zoezi hili linahitaji habari moja iliyowahi kutikisa watu wote. Sisi tunatumia ile ya Aprili 2020, wakati wa Covid, iliyosema kwamba watoto wa Kongo watachanjwa ili kujaribiwa kama panya. Karibu kila kijana aliyekuwa na akili wakati ule anaikumbuka.

Wagaweni katika vikundi vya watu watatu. Kila kikundi kiandike kile kilichosikia, kisha mwalimu awasimulie mambo yalivyokwenda. Tarehe 1 Aprili 2020, madaktari wawili wa Ufaransa walizungumza kwenye televisheni ya kwao kuhusu kufanya utafiti wa chanjo ya kifua kikuu dhidi ya Covid katika Afrika, na maneno yao yakawaudhi watu wengi, kwa haki. Siku mbili baadaye Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mkongomani aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kuichunguza Ebola huko Yambuku mwaka 1976, alisema Kinshasa kwamba nchi yetu iko tayari kushiriki katika majaribio ya chanjo ya Covid. Hasira ikawaka. Akarudi kueleza kwamba hakuna chanjo itakayojaribiwa Kongo kabla haijajaribiwa kwanza huko inakotengenezwa, kama Marekani na China.

Sasa waulizeni: katika ule ujumbe mliousikia, kipi kilikuwa kweli? Kipi kiliongezwa? Neno "watoto" lilitoka wapi? Vijana hugundua wenyewe kwamba uvumi wenye nguvu haukuwa uongo mtupu. Ulikuwa na mfupa wa kweli ndani, nyama ikaongezwa njiani. Kuanzia hapo hawapendi tena jibu la mkato la "ni uongo tu", wala sisi hatulitaki. Mwalimu asiogope kusema kwamba hasira ile ilikuwa na haki yake.

Kwa wenye simu, kuna alama ndogo ya kuwaonyesha. WhatsApp huweka mshale juu ya ujumbe uliotumwa kutoka kwa mtu mwingine, na mishale miwili ukiwa umepita mikono mingi. Mishale miwili haisemi kwamba ujumbe ni uongo. Inasema tu kwamba aliyekutumia siye aliyeuandika, na pengine hamjui kabisa aliyeuandika. Na siku hizi zipo programu za simu zinazojibu swali lolote kwa Kifaransa safi au hata kwa Kiswahili. Majibu yake huweza kuwa mazuri, ila zinaandika kwa ulaini uleule zikiwa sahihi na zikiwa zimekosea. Maswali manne yanahusu jibu hilo pia.

Zoezi la chumvi na sukari

Hili ndilo zoezi ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu halihitaji simu wala umeme.

Maji ya kumnywesha mtu anayeharisha, kama pakiti za SRO za kituo cha afya hazipatikani, ni haya: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Mwite kijana mmoja pembeni, mwambie maneno haya mara moja tu, kwa haraka kidogo, kama muuguzi mwenye foleni ndefu. Naye amnong'oneze wa pili, wa pili amwambie wa tatu kwa Kiswahili, wa tatu amwambie wa nne kwa Tshiluba au lugha nyingine iliyopo, hadi wa kumi. Wa kumi aseme kwa sauti.

Tumesikia mambo ya ajabu. "Vijiko sita vya chumvi." "Nusu lita." "Sukari kama ipo." Vijana hucheka sana, na waacheni wacheke. Kisha wauliezeni: mtoto mchanga akinyweshwa maji ya chumvi nyingi namna hiyo, anakuwaje? Chumvi ikizidi inayavuta maji nje ya mwili na inaweza kumuua mtoto ambaye tulitaka kumwokoa. Kicheko huisha.

Rudieni mara ya pili, sasa kwa njia nyingine. Kila anayepokea arudie maneno mbele ya aliyempa kabla ya kuondoka, na namba ziandikwe kwenye karatasi au kiganjani. Mara nyingi ujumbe hufika salama. Hapo kijana amejifunza mambo mawili ambayo atayatumia kesho asubuhi kwenye kituo cha afya: kumrudishia muuguzi maneno yake ("Kwa hiyo Mama, nimpe sukari vijiko sita na chumvi nusu, ndivyo?"), na kuomba aandikiwe. Muuguzi mwema hatakasirika. Waambieni vijana hivyo mapema, kwa sababu wengi huogopa koti jeupe.

Malizeni kwa kutengeneza maji yenyewe, kila mmoja ayaonje. Yasiwe na chumvi kuliko machozi.

"Mimi nilikunywa nikapona"

Sasa turudi kwenye swali la pili: amejuaje?

Jibu la kawaida ni ushuhuda. Shangazi alikunywa mti fulani, homa ikaondoka. Ushuhuda una nguvu kwetu, kanisani na nyumbani, na sitaki vijana wafundishwe kuwadharau wazee wao. Lakini wajue kwamba magonjwa mengi huondoka yenyewe. Mafua hupona kwa wiki moja ukinywa dawa, na kwa siku saba usipokunywa. Ili kujua kama dawa imefanya kazi, lazima tuwe na watu wa kulinganisha: waliopata na wasiopata, wanaofanana katika mambo mengine yote, na wawe wengi kiasi.

Jirani zetu wa Uganda wamelifundisha jambo hili kwa watoto wadogo kuliko wa kwetu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, akiwamo Allen Nsangi na Daniel Semakula, pamoja na wenzao wa Norwei, walitengeneza kitabu cha hadithi za picha kwa ajili ya watoto wa shule ya msingi wa miaka 10 hadi 12. Kisha nao wenyewe wakakubali kupimwa: shule 120, watoto zaidi ya 10,000, nusu ya shule zikafundishwa na nusu zikaendelea kama kawaida. Matokeo yalitolewa mwaka 2017. Kati ya watoto waliofundishwa, 69 kwa kila 100 walifaulu mtihani wa kupima madai ya tiba. Kati ya wasiofundishwa, 27. Baadaye masomo 10 ya sekondari yalijaribiwa kwa njia hiyo katika shule zaidi ya 240 za Kenya, Rwanda na Uganda, na huko pia waliofundishwa walifanya vizuri zaidi. Nawatajia hesabu hizi kwa sababu mbili. Moja, jambo hili linafundishika, hata darasa likiwa na watoto wengi na vitabu vichache. Pili, vijana wenu watawauliza, "Na nyinyi mmejuaje kama somo hili linafaa?" Wakiuliza hivyo, furahini.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na sisi uko Kasulo. Mwaka 2014 kobalti ilionekana chini ya nyumba za mtaa ule, na watu wakaanza kuchimba mashimo uani mwao. Vumbi likaingia kila mahali. Wengine walisema vumbi hili ni sumu, wengine wakasema ni udongo tu, babu zetu waliishi nao. Nani alikuwa sahihi? Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walipima mkojo na damu ya watu 72 wa Kasulo, 32 kati yao wakiwa watoto, wakawalinganisha na watu wa mtaa mwingine usio na uchimbaji. Utafiti wao ulitoka mwaka 2018. Watoto wa Kasulo walikuwa na kobalti mwilini kama mara 10 zaidi ya watoto wa mtaa ule mwingine.

Hapa simameni kwa muda. Wauliezeni vijana: utafiti huu unasema nini, na hausemi nini? Unasema kwamba vumbi haliishii kwenye ngozi, linaingia mwilini, na kwa watoto zaidi. Hausemi kwamba mtoto fulani ataugua ugonjwa fulani mwaka fulani. Anayeuza dawa ya "kuosha kobalti" kwa kutaja utafiti huu ameongeza nyama yake mwenyewe.

Kila mara tunapofika hapa kuna kijana anayeinua mkono kusema kwamba krezeri akinywa maziwa baada ya kazi, maziwa yanatoa vumbi. Msimkemee. Mchoreeni mwili ubaoni: maziwa yanapita njia ya chakula kwenda tumboni, vumbi limepita njia ya hewa kwenda mapafuni. Njia ni mbili. Maziwa ni chakula kizuri, na kama fedha ipo anywe, lakini kinachopunguza vumbi ni kulowesha udongo, kufunika pua na mdomo, kuoga na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto, na kutoweka mifuko ya madini chumbani wanamolala watu. Kazi ya kuvunja na kuosha mawe isifanywe na watoto kamwe. Najua baadhi ya wanaosoma haya wana watoto wanaoifanya, na najua sababu yake ni njaa. Kwenye jambo hilo maneno ya semina hayatoshi, ila hatari yake lazima isemwe.

Kilichoandikwa pia hupimwa

Vijana wetu wanaheshimu maandishi, nami nafurahi. Lakini kuna hadithi mbili wanazopaswa kuzijua.

Ya kwanza ni ya Ituri. Mwishoni mwa mwaka 2014 watu wengi walianza kufika hospitalini shingo zimepinda, ulimi umetoka, uso umekaza. Walidhaniwa kuwa na homa ya uti wa mgongo. Hadi Agosti 2015 waliolazwa walipita 1,000. Chanzo kilipotafutwa kikaonekana kuwa vidonge. Kopo liliandikwa diazepamu, dawa inayotumiwa kutuliza. Ndani yake mlikuwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili, ambayo ikizidi hukaza misuli namna hiyo. Maandishi yalisema kimoja, kidonge kilikuwa kingine. Kwa hiyo kusoma karatasi ni lazima, lakini pia dawa imetoka wapi, na nani atajibu ikileta madhara? Meza ya barabarani huhama kesho. Kituo cha afya kitakuwapo.

Ya pili ni ya muda. Katika nyumba nyingi kuna kitabu cha zamani cha afya, kinachotunzwa vizuri pamoja na Biblia. Kama kilichapishwa miaka ya 1980, kitakuambia utibu palu kwa Nivaquine, yaani klorokwini. Siku zile ilikuwa sahihi. Lakini vimelea vya malaria vilizoea dawa ile. Kongo iliiacha mwaka 2001, na tangu 2005 ikachukua dawa zenye artesuneti. Kitabu hakikudanganya, kimezeeka. Kijana afungue ukurasa wa mwanzo, atafute mwaka wa kuchapishwa. Mambo ya usafi, uzazi na majeraha hayabadiliki sana. Majina ya dawa na vipimo vyake hubadilika.

Ugonjwa unapopewa kabila

Hapa ndipo somo la afya na somo la amani vinapokutana, na viongozi wasipaharakishe.

Kipindupindu kikitokea, neno la kwanza mtaani huwa "wageni wamekileta". Wazee wa Kolwezi na Likasi wanakumbuka miaka ya 1992 na 1993, familia za asili ya Kasai zilipofukuzwa kwa maelfu hadi kwenye vituo vya treni. Kabla hawajafukuzwa walikuwa wameitwa bilulu, yaani wadudu. Mtu akishaitwa mdudu au ugonjwa, kumtoa kunaonekana kama kusafisha nyumba. Vijana wa leo hawakuwapo. Wanalisikia neno lile kama tusi la kawaida, na ni vema wajue lilitembea wapi.

Jibuni swali lao kwa ukweli. Je, mtu anaweza kuja na kipindupindu? Ndiyo, anaweza. Lakini anaweza kuwa dereva wa lori anayetoka Kasumbalesa, mfanyabiashara, askari, au mtu wa hapahapa aliyekwenda msibani. Ugonjwa hauulizi kabila. Na ukishafika, unaoneshwa njia na choo kilichofurika na kisima kisichofunikwa. Mtaa wenye maji safi utampokea mgonjwa, atatibiwa, na ugonjwa utaishia kwake.

Haiti iliyapitia haya yote mawili kwa wakati mmoja. Kipindupindu kilipoanza huko Oktoba 2010, uvumi ulikuwa wa aina mbili. Baadhi walisema waganga wa dini ya asili wanakisambaza kwa unga wa kichawi, na watu wasiopungua 45 waliuawa na makundi yenye hasira. Wengine walisema kimetoka kwenye kambi ya askari wa Umoja wa Mataifa waliotoka Nepali, ambayo uchafu wake ulimwagika mtoni. Wakubwa walikataa. Dokta Renaud Piarroux, Mfaransa aliyewahi kufanya kazi ya kipindupindu hapa Kongo pia, alifuata wagonjwa wa kwanza kijiji kwa kijiji kando ya mto, hadi akafika kambini. Uvumi wa pili ulikuwa kweli. Karibu watu 10,000 walikuwa wamekufa kabla Umoja wa Mataifa haujaomba radhi, Desemba 2016.

Kwa hiyo msiwafundishe vijana kwamba ofisi husema kweli daima na mtaa husema uongo. Wafundisheni tofauti kati ya aliyefuata mto na aliyeshika fimbo.

Jinsi ya kusema nyumbani

Kijana aliyejifunza haya akirudi nyumbani na kumwambia kambo yake, "Unakosea," somo limekufa mlangoni. Tunafanya mchezo wa kuigiza: mmoja ni mzazi aliyepokea ujumbe wa dawa ya ajabu, mwingine ni mtoto. Maneno yanayofaulu ni ya kuomba kusaidiana. "Mama, nimesikia. Tumuulize muuguzi pamoja kesho, kabla hatujanunua?" Au, "Papa, nisomee tena, nataka kuona waliandika mwaka gani." Nanyi wazazi, mtoto akiuliza hivyo, hajawavunjia heshima.

Lipo jambo moja lisilosubiri maswali manne. Mtoto mwenye degedege, asiyeweza kunyonya au kunywa, anayepumua kwa shida, anayeharisha hadi macho yamezama. Mama mjamzito anayetoka damu: hawa wanapelekwa kituoni sasa hivi. Habari hupimwa siku watu wakiwa wazima.

Kila kikundi kiwe na daftari la maswali. Ukurasa mmoja kwa swali moja: tumesikia nini, kwa nani, tarehe gani, tumemuuliza nani, amejibu nini. Mara moja kwa mwezi mwalikeni muuguzi wa eneo, na mumpe daftari siku mbili kabla ili ajiandae. Akisema "hili silijui, nitauliza", andikeni jibu hilo pia, kisha mumkumbushe. Tunawaomba vikundi viweke daftari mahali ambapo wenyeji na waliohamia wote hulifikia, kwa sababu katika mitaa yetu maswali ya pande hizi mbili yanafanana mno, na watu hushangaa wanapoyaona kwenye ukurasa mmoja.

Maswali ya kujadili katika kikundi

Ni habari gani ya afya iliyopita mtaani kwetu mwezi huu? Tunaweza kumtaja mtu wa kwanza aliyeisema?

Ni nani anayefasiri nyumbani kwetu tukienda kwa muuguzi? Je, kuna mambo ambayo mtoto hapaswi kumfasiria mzazi wake, kama uzazi au magonjwa ya zinaa, na nani mwingine angeweza kufanya kazi hiyo?

Mara ya mwisho mtaa wetu ulipougua, tulimlaumu nani? Kisima kilikuwa katika hali gani siku hiyo?